Siku moja maishani mwangu: bega, paja, na kungoja

Saa kumi na moja alfajiri niko stejini Rongai, chapati mbili za jana kwenye begi. Saa kumi na mbili na nusu tuko ndani ya mbuga ya Nairobi, mimi na daktari wa wanyamapori ninayemsaidia. Jana askari wa doria walimwona nyati dume akichechemea, waya wa mtego umemkaza mguu wa mbele.

Saa mbili tukampata. Anatutazama uso kwa uso. Hapo huna la kufanya ila kungoja.

Watu huniuliza kama mimi ni mwindaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, bwana! Lakini hesabu ya kulenga ni ile ile, imegeuzwa tu. Tanzania, ambako bado unaruhusiwa, mwindaji mwungwana husubiri mnyama ageuke ubavu, ndipo alenge nyuma ya bega, chini kidogo, penye moyo na mapafu, ili afe upesi. Sisi kifua hicho ndicho tunachokikwepa. Kishale cha dawa ya usingizi kikipita kati ya mbavu kinatoboa pafu. Tunataka nyama nene, bega au paja, na kiingie kimenyooka. Kikija mshazari kinadunda, au dawa inaishia chini ya ngozi, na mnyama anakimbia amelewa nusu huku joto likimpanda.

Saa tatu kasorobo treni ikapita kwenye reli iliyoinuliwa juu ya nguzo mbugani, dume akageuka. Mita thelathini hivi.

"Sasa, daktari?"

"Bado. Kuna jike nyuma yake."

Jike akasogea. Puh! Pajani.

Alipolala tukamfunga macho kwa taulo, tukamkalisha kifudifudi asivimbe tumbo wala kupaliwa na cheuo. Nikahesabu pumzi, kiganja puani, moto na unyevu. Waya ulikuwa umezama nyamani, nzi wamejaa. Daktari aliukata vipande vitatu. Dawa ya kumwamsha ikaingia kwenye mshipa wa sikio, nasi mbio garini. Kishale tulikiokota baadaye kwa glavu: dawa hiyo ya usingizi ni etofini, tone dogo tu laweza kumuua mtu.

Mchana, karatasi. Saa kumi, mazoezi ya shabaha: vishale ishirini ubaoni, vitatu nikakosa, nikaambiwa nirudie vyote.

Saa mbili usiku, nyumbani. Mke wangu anauliza taulo lake la kuogea liko wapi.