Matairi kurukaruka ukikata usukani mpaka mwisho

Wenzangu mnaoendesha huku Uingereza, hili limenisumbua sana msimu huu wa baridi. Kila nikitoa gari kwenye maegesho, usukani nimeukata mpaka mwisho, matairi ya mbele yanarukaruka, gu-gu-gu, mpaka mikono inatetemeka. Hofu yangu ilikuwa sivi jointi (CV joint, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi hata likiwa limekata kona). Fundi akaniambia nisimame nje, nitazame yeye akikata kona polepole. Nikaona kabisa: ubavu wa tairi unajikunja, unang'ang'ania lami, halafu unaachia ghafla na kurudi.

Kwenye kona, tairi la ndani linapita duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo linatakiwa likate zaidi. Mpangilio huo ulibuniwa na Georg Lankensperger, Mjerumani, mwaka 1817, ingawa unaitwa Ackermann, jina la wakala wake aliyeusajili Uingereza mwaka 1818 (mimi naona Lankensperger hakutendewa haki). Magari mengi hayaufuati kikamilifu, na usukani ukifika mwisho tairi huburuzwa kiubavu. Tairi jembamba huteleza kimyakimya. Lile pana la kiangazi, raba ikikakamaa kwenye baridi ya chini ya nyuzijoto 7 za Selsiasi hivi, hushika na kuachia, hushika na kuachia.

Nimefunga matairi ya baridi, raba yake ni laini, na mtetemo umeisha karibu wote. Ila ukisikia ka-ka-ka ukikanyaga mafuta huku umekata kona, hata siku ya joto, hiyo ni sivi jointi kweli. Peleka gari kwa fundi haraka.