Nilivyohamia REAPER 7 bila kuipoteza sauti ya NVDA

Sisi tusioona tunaorekodi muziki huku Kusini tunapewa ushauri uleule kila mwaka: programu ikishakaa sawa, usiiguse. Nimeusikia Mtwara mjini, nimeusikia Lindi, na wanaoutoa ni watu wenye macho, ambao programu yao ikibadilika wanaangalia tu kitufe kimehamia wapi wakaendelea na kazi. Ushauri huu unaniudhi kwa sababu unatuacha nyuma. Mteja anakuletea mradi uliofanyiwa kazi kwenye toleo jipya, unaufungua kwenye toleo lako la zamani, nusu ya alichokipanga hakionekani. Halafu inasemekana asiyeona hawezi kazi ya studio.

Kazi zangu ni kaswida za Mikindani, kwaya, na mara nyingine ngoma za sindimba. Nimetoka REAPER 6, programu ya kurekodi na kuchanganya muziki, nikaingia 7 kwa NVDA, kisoma skrini kinachonisomea kompyuta kwa sauti, bila mtu wa kunishikia mausi. Haya ndiyo yaliyofanya kazi, na hayo mengine ambayo watu wanayasifia bure nitayasema pia.

Kwanza uelewe nani anazungumza. Dirisha kuu la REAPER limechorwa na programu yenyewe, kwa hiyo NVDA ikiwa peke yake inakuta kimya. Kinachoipa sauti ni OSARA, nyongeza ya bure iliyoanzishwa na James Teh, Mwaustralia asiyeona ambaye ndiye pia aliyeshirikiana na Michael Curran kuijenga NVDA. Basi una vitu vitatu: NVDA, REAPER na OSARA. Usivisasishe vyote siku moja. Kimoja kikigoma hutajua ni kipi.

Mimi huanza na REAPER, na sianzii kwenye ile ninayofanyia kazi. Kisakinishi chake kina kisanduku cha kuweka tiki kinachosomeka "Portable install". Ukikitia tiki na kuchagua folda mpya, REAPER mpya inakaa humo na mipangilio yake, na ile ya zamani haiguswi. Faili lenyewe halifiki MB 20, bando dogo tu linalishusha. Kisha OSARA nayo unaisakinisha humohumo, maana kisakinishi chake kinakubali kuelekezwa kwenye folda ya REAPER ya aina hiyo. Fungua nakala ya mradi wa zamani, nakala nasema, uufanyie kazi kama siku mbili tatu. Ukiridhika ndipo usasishe ile kubwa.

Kabla ya kuigusa hiyo kubwa, bonyeza Control+P, nenda ukurasa wa "General", tafuta kitufe cha "Export configuration", uhifadhi faili kwenye flashi. Humo mna mipangilio yako karibu yote. Vitufe vyako ulivyojitengenezea vinakaa kwenye faili liitwalo reaper-kb.ini, na hapo ndipo watu wengi wanapolia. REAPER ikisasishwa haivigusi. Kinachovigusa ni kisakinishi cha OSARA, pale kinapouliza kama kiweke ramani yake ya vitufe mahali pa yako. Ukipita kwa kubonyeza Enter tu bila kusikiliza swali, njia zako za mkato zinaondoka. Kama hujajitengenezea chochote, kubali. Kama unavyo vyako, ingia kwanza orodha ya vitendo kwa F4, ufungue kitufe cha "Key map", uvitoe nje kuwa faili.

Sasa nije kwenye jambo lililowafanya wengi waseme REAPER mpya haielewani na kisoma skrini.

Umesasisha, unafungua, unaingia kwenye kifaa cha sauti, unachagua ASIO, unabonyeza OK. Kimya. NVDA haisemi tena. Si toleo jipya lililoharibika. ASIO, mfumo uliobuniwa na Steinberg, unakwenda moja kwa moja kwenye saundi kadi, kifaa kinachoingiza na kutoa sauti ya kompyuta, bila kupitia kichanganyaji cha Windows, na viendeshi vingi vikishaishika kadi haviachii programu nyingine. Vingine vinaachia, lakini REAPER ikitaka sampuli 48,000 kwa sekunde wakati Windows imepanga 44,100, sauti ya NVDA inakatika au inapotea kabisa. WASAPI ya upekee, njia ya Windows yenyewe ya kuipa programu moja kadi nzima, nayo hufanya hivyohivyo.

Watu wana dawa zao, na nimezijaribu zote. Wapo wanaosema rudi kwenye WaveOut au DirectSound, njia za zamani za sauti za Windows. Sauti ya NVDA inarudi, kweli, lakini mwimbaji anajisikia amechelewa. Msomaji wa kaswida anayesikia sauti yake ikimfuata nyuma huanza kuisubiri, mwendo unalegea, na dufu zinakwenda mbele yake. Huwezi kurekebisha hilo baadaye. Wengine wanasema weka tiki kwenye "Close audio device when stopped and application is inactive". Huo mpangilio unaachia kadi pale tu muziki umesimama na wewe uko kwenye programu nyingine. Ukirudi ndani ya REAPER, ambako ndiko unakohitaji kusomewa, kimya kinarudi. Na wapo wenye kadi inayokubali sauti mbili kwa pamoja, wakaona wamemaliza. Hawajamaliza. NVDA inaingia kwenye hedifoni za waimbaji, inavuja kwenye maiki, na katikati ya ubeti mtulivu wa kwaya unasikia sauti ya mashine ikitaja namba ya traki, yaani mstari mmoja wa sauti kwenye mradi.

Dawa ni njia mbili zisizokutana. NVDA ipite kwenye sauti ya kompyuta yenyewe, REAPER ipite kwenye saundi kadi ya USB.

Bonyeza NVDA+Control+U, ufike kwenye kifaa cha kutolea sauti. (Kwenye NVDA za zamani kidogo, chaguo hilo liko NVDA+Control+S, pamoja na sauti za kusomea.) Hapo usiache "Default". Ukiacha, siku utakayochomeka saundi kadi Windows itaifanya kuwa kifaa kikuu na NVDA itaifuata hukohuko. Chagua spika ya kompyuta kwa jina lake. Upande wa REAPER chagua ASIO ya kadi yako. Kazi imekwisha: hata kadi ikishikwa namna gani, sauti ya kusomea haiguswi.

Na kusikiliza vyote viwili? Earphone ya simu ya upande mmoja, zile za elfu tatu au nne, inachomekwa kwenye kompyuta na kuingia sikio la kushoto. Juu yake unavaa hedifoni kubwa ya saundi kadi. NVDA inanong'ona ndani, muziki unapita nje, na maiki haipati neno hata mwimbaji akikaa karibu nawe. Wakati wa kuchanganya ninaitoa hiyo ya ndani, kwa sababu sikio lililozibwa linadanganya upande mmoja, natumia spika ya kompyuta ikiwa chini kabisa. Kurekodi ni earphone, bila kujadiliana.

Kompyuta isiyo na tundu la earphone, au lililokufa, inasaidiwa na kile kisaundi kadi kidogo cha USB kilicho kama flashi. Bei yake si ya kukutisha. Ila kichomeke tundu lilelile siku zote. Ukibadilisha tundu Windows inaweza kukipa jina jipya lenye namba mbele, NVDA ikikosa jina inalolijua inarudi kwenye kifaa kikuu, na kifaa kikuu ndicho kadi iliyoshikwa. Ukipatwa na kimya cha namna hiyo, Control+Alt+N inaiwasha upya NVDA. Ikikataa, Windows+Control+Enter inaamsha msomaji wa Windows mwenyewe kwenye Windows 10 na 11. Na kwenye flashi uwe na NVDA ya kubebeka, ile isiyohitaji kusakinishwa. Mimi sianzi kusasisha chochote bila hiyo flashi kuwa mezani.

Kompyuta nyingi zinazouzwa mkono wa pili huku bado zina Windows 7. REAPER haina shida nayo. NVDA ndiyo iliyoiacha: 2023.3.4 ndilo toleo la mwisho linaloikubali, kwa hiyo usihangaike kushusha la baadaye. Wenye Windows mpya nao wawe makini na toleo la kwanza la mwaka, lile linaloishia na .1, kwa kuwa nyongeza za zamani huwa zinazimwa mpaka watengenezaji wake wazisasishe. Kama una nyongeza unayoitegemea, angalia kwanza kwenye duka la nyongeza ndani ya NVDA.

Lugha ya kusomea. eSpeak, sauti ya kusomea iliyomo ndani ya NVDA, ina Kiswahili, na ninakitumia kwa barua na ujumbe. Lakini menyu za REAPER ni za Kiingereza, na sauti ya Kiswahili ikizisoma inatoa maneno ambayo hata aliyeyaandika asingeyatambua. Usibadilishe lugha kwa mkono kila mara. Ukiwa ndani ya REAPER bonyeza NVDA+Control+P, tengeneza wasifu mpya unaojiwasha kwa programu hiyo tu. Humo weka sauti ya Kiingereza, ongeza kasi, zima kutajwa kwa herufi kwa NVDA+2 na maneno kwa NVDA+3. Ukitoka REAPER, Kiswahili kinarudi chenyewe. Hakikisha pia NVDA+Shift+D iko kwenye hali ya kutopunguza sauti nyingine, la sivyo NVDA ikizungumza inaweza kuushusha muziki, na wewe utadhani kompresa, kile cha kupunguza sauti kubwa, imebana.

OSARA nayo inataka kupunguzwa maneno. Control+F12 inafungua mipangilio yake. Ninaacha itaje hali ya kurekodi, na ninazima kutaja plagini, vile viprogramu vya kurekebisha sauti, kila ninapohama traki, kwa sababu kwaya ya sauti nne yenye plagini tatu tatu inageuka hotuba.

Njia za mkato sitazieleza zote, hazina ugumu: mishale ya juu na chini kuhama traki, Control+T traki mpya, F5 kunyamazisha, F6 kusikiliza moja, F7 kuiandaa kurekodi, S kukata. Kitu cha maana ni F12. Ukikibonyeza, kila kitufe unachogusa kinajitaja kazi yake bila kuifanya. Baada ya kila sasisho ninakaa na F12 nikipita kibodi nzima. Hakuna mafunzo ya mtandaoni yanayolingana na hayo.

Kuna kaka mmoja mwenye studio aliniambia plagini mpya haziwezekani kwa asiyeona, labda nitumie NVDA+R isome picha ya dirisha kisha nibonyeze kwa mausi. Nilifuata. Inasoma, ndiyo, maandishi yaliyopo kwenye picha wakati ule. Geuza kinobu kidogo, picha imebadilika na ulichosomewa kimepitwa. Kinobu chenyewe hakina maandishi, utaburuta nini? Njia iko palepale kwenye OSARA: simama kwenye traki, bonyeza P, uchague plagini. Unapata orodha ya vigezo vyake vyote kwa majina, na thamani unayoibadilisha kwa mishale, hata kama dirisha la plagini ni picha tupu. Baadhi ya plagini zinamwaga vigezo zaidi ya elfu mbili, vingi vikianza na "MIDI CC", ambavyo huna kazi navyo. Andika neno kwenye sehemu ya kuchuja, kwa mfano "thresh", vibaki viwili vitatu. ReaEQ ya kusawazisha sauti na ReaComp ya kuibana, zinazokuja na REAPER, zinasomeka vizuri, na kwa kazi ya sauti za watu zinatosha kabisa.

Kilichonifanya niitake 7 hasa ni njia ndogo ndani ya traki. Kwaya ikirudia ubeti mara nne, marudio yote yanapangwa kwenye traki moja, na unachukua kipande cha huku na cha kule. Huna tena traki ishirini za kupitia kwa mshale mmoja mmoja.

Viwango vyangu: biti 24, 48,000, bafa (kiasi cha sauti kinachokusanywa kabla ya kuchakatwa) ya sampuli 256 wakati wa kurekodi, ambayo ni kama milisekunde 5 kwa upande mmoja, na 1024 wakati wa kuchanganya. Ngoma za sindimba zinapiga ghafla kuliko sauti ya mtu, kwa hiyo ninashusha geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia, mpaka kilele kisizidi desibeli -12, na namwomba mpigaji apige kwa nguvu zake zote wakati wa kupima. Kilele unakisikia kwa "Peak Watcher" ya OSARA. Liandike jina hilo kwenye orodha ya F4. Ukisikia mchakacho, usikimbilie kuongeza bafa. Karibu na bahari plagi na matundu yanashika kutu upesi, ukizungusha plagi na mchakacho ukabadilika, tatizo ni hilo.

Leseni: siku 60 unajaribu kila kitu bure. Baada ya hapo ni dola 60 kwa mtu ambaye muziki haumpi zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka, yaani karibu sote huku, shilingi laki moja na nusu na kitu kutegemea dola imeamkaje. Aliyenunua wakati wa 6 anaitumia mpaka 7.99 bila kuongeza senti, na anayenunua 7 anafika 8.99. Waliokwambia kusasisha ni gharama hawakusoma hapo.

Mwisho, umeme. Control+P, tafuta mipangilio ya mradi kujihifadhi, weka ujihifadhi kila baada ya dakika 5 kwenye faili lenye tarehe na saa, na upange uhifadhiwe hata wakati wa kurekodi. Umeme ukirudi, fungua faili la mwisho kati ya hayo badala ya ule mradi wenyewe, kisha Control+Alt+S ulipe jina.