Tapas za Granada kwa asiyekula nguruwe wala kunywa pombe

Tangu nihamie huku Granada naulizwa swali moja kuliko yote, eti mtu hali nguruwe, hanywi pombe, sasa kwenye baa za Wahispania anafuata nini? Na jibu langu siku zote ni lile lile, anaingia kifua mbele, anaagiza kinywaji chake anachokijua, anakula samaki na mboga mpaka anashindwa kupanda mlima kurudi nyumbani. Nimeona niandike yote hapa kwa pamoja maana wifi yangu kaja kututembelea kutoka Tanga na juzi usiku nimemzungusha mjini, kwa hiyo mambo bado mabichi.

Kwanza muelewe mji wenyewe unavyoenda. Granada ukiagiza kinywaji, bia au soda au juisi ya zabibu wanayoiita mosto, unaletewa na kisahani cha chakula na hicho kisahani hulipii. Hiyo ndo tapa. Kinywaji ni kama euro 2.50 hadi 3 na chakula kimo humo humo, tena sio karanga za kuzugia, ni samaki wa kukaanga, au wali, au kipande cha nyama na viazi. Sehemu nyingi za Hispania hawafanyi hivi, Sevilla na Barcelona kila kisahani kina bei yake, Madrid ukibahatika unapewa zeituni kidogo, ila Granada na majirani zake Almería na Jaén, pamoja na León kule kaskazini, wameung'ang'ania huu utaratibu mpaka leo. Ukiagiza kinywaji cha pili kinakuja na kisahani tofauti, cha tatu tofauti tena. Ila msiagize maji matupu, baa nyingine maji hawayahesabu kama kinywaji na hamtaona kitu.

Sasa shida ni kwamba baa nyingi wao ndo wanakuchagulia, wewe unachagua kinywaji tu, na hii ni nchi ya nguruwe jamani, tena sio kidogo. Yale mapaja ya jamón yananing'inia juu ya kaunta kila ukiinua macho, na yale ya bei kubwa yenye lebo nyeusi ni ya nguruwe weusi wanaoachiwa porini kuanzia vuli wanenepe kwa mbegu za mwaloni, halafu paja linakaushwa miaka mitatu na zaidi. Kwao ni fahari kubwa na mimi naielewa, mtu akitunza kitu miaka mitatu ana haki ya kujivunia. Lakini kwetu lazima useme mapema, kabla hata kinywaji hakijamiminwa, na maneno ni haya: "Sin cerdo, por favor." Bila nguruwe tafadhali. Msiseme "sin carne", yaani bila nyama, mkadhani mmemaliza, kwa sababu wahudumu wengi vile vipande vya jamón vya kunyunyizia hawavichukulii kama nyama kabisa, unaletewa maharage yako yamejaa nguruwe na mhudumu wa watu hana hata nia mbaya.

Na inajificha hiyo. Kroketa, zile za kukaanga zilizojaa mchuzi mzito wa maziwa na unga, nyingi zina jamón ndani. Maharage mabichi ya hapa Granada yanapikwa na jamón, supu baridi ya nyanya ya Córdoba inaitwa salmorejo inamwagiwa jamón juu na yai la kuchemsha, adesi zina chorizo, ile soseji ya nguruwe. Halafu kuna pinchos morunos, hizi ndo zinawapata wageni wengi kutoka kwetu kwa sababu ukiziona ni mishkaki kabisa, zimechomwa, zinanukia bizari na paprika, na hilo jina maana yake ni za Kimoro, yaani za Wamoro, Waislamu wa zamani wa huku, sasa Muislamu gani hatazisogelea? Ni nguruwe. Mara nyingi ni nguruwe. Ulizeni kama zipo za kuku, zipo sehemu nyingi. Upande wa pombe pia muwe macho, kamba wa kitunguu saumu wanaotokotea kwenye kibakuli cha udongo baa nyingine wanawatia kidogo brandi, na chaza wengi wa mchuzi wanapikwa na mvinyo mweupe. Kuuliza hakugharimu, na kwa kweli watu wa huku ukiwauliza kuhusu chakula wanafurahi, wanasimama kukueleza mpaka wenzao wanaanza kuwaita.

Najua wapo wanaoona hata kusimama mahali panapouzwa pombe sio sawa, na hao nawaheshimu, mama yangu mzazi ni mmoja wao. Kwa hao kuna ile mitaa ya Calderería, nyumba za chai za Wamoroko na chakula cha halali, na juu Albaicín kuna msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2003, bustani yake inatazamana na Alhambra, lile kasri la kale la masultani, mtu unaswali pale magharibi halafu unashuka kula. Mimi na wifi ndivyo tulivyofanya.

Kutoka pale tukashuka mpaka Calle Navas, mtaa mwembamba wa watembea kwa miguu, baa kulia baa kushoto, na tukaanzia Los Diamantes ambayo ipo tangu 1942 na kazi yake kubwa ni samaki wa kukaanga. Ilikuwa kwenye saa tatu usiku, na nasema hivi makusudi maana ukienda saa kumi na mbili na nusu kama tulivyozoea kwetu utakuta majiko yamezimwa, Mhispania chakula cha jioni kwake ni saa tatu, saa nne, mpaka watoto wadogo wapo nje.

Wifi kaingia, kaangalia huku na huku. "Wifi, mbona hapa hamna hata kiti?"

"Watu wanasimama wifi, njoo tu huku kaunta."

"Tunasimama tunakula? Na haya makelele yote?"

"Wewe njoo, shika nafasi hapo usimwachie mtu."

Kaunta ndo mahali pa kusimama, wallahi, msikubali kupelekwa meza ya nje, kwanza sehemu nyingine meza za nje bei inapanda, pili hamuoni kitu. Pale kaunta jiko lipo mbele yako. Tuliagiza mosto mbili, kijana akapiga kelele kuelekea jikoni, jikoni wakaitikia, na kabla wifi hajamaliza kuikunja mtandio wake kisahani kikawa kimefika, boquerones, dagaa wa huku wakubwa kidogo, wamepitishwa kwenye unga mkavu tu wakatoswa kwenye mafuta ya moto sana. Ule unga hauna yai, hauna maji, ni mwepesi kiasi kwamba ngozi ya samaki unaiona kwa ndani inameremeta, unamshika kwa mkono, unamkamulia limau, unamla mzima na mkia, kichwa wamekitoa. Wifi alikula wa kwanza akanyamaza. Akala wa pili. Akaniambia "hawa wanajua samaki" na ikitoka kwa mtu wa Tanga aliyekulia Deep Sea kwenye mnada wa samaki mimi naichukulia kama cheti.

Mosto ya pili ikaja na cazón en adobo, na hapa naomba nitulie kidogo maana hiki ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote kusini ya Hispania. Cazón ni papa, papa mdogo. Wanamkata vipande vya kutosha mdomo mmoja, wanamlaza kwenye siki na kitunguu saumu na bizari nyembamba na paprika na majani ya oregano, masaa kadhaa au usiku kucha, ndo anapitishwa unga na kukaangwa. Kwa nje anakatika kra, ndani mlaini na ile siki imeingia mpaka katikati, halafu bizari nyembamba inakuja mwisho kabisa unapokuwa umeshameza. Sisi papa tunamjua wa chumvi na wa nazi, huyu wa siki hatuna, na sioni sababu ya kutokuwa naye, vitu vyote tunavyo, siki tunayo, bizari tunayo, papa anauzwa pale pale sokoni. Wifi kaandika kwenye simu yake kila kitu na kiasi chake, mhudumu alikuwa anamtajia na mimi natafsiri.

Tukahama. Hili nalo ni la kushika, hamkai baa moja usiku mzima, mnakula viwili vitatu mnalipa mnatoka mnaenda nyingine, na kule kutembea ndo kunakofanya tumbo lipate nafasi. Baa ya pili tuliagiza kabisa biringanya za kukaanga na asali ya miwa, hii tulilipia kwa sababu ni sahani kamili, wanaita ración, na kama ni wawili ombeni nusu, media ración, inatosha. Biringanya zinakatwa nyembamba, zinalowekwa kwenye maji ya chumvi au maziwa (wengine huloweka kwenye bia, kwa hiyo ulizeni), unga, mafuta, halafu juu wanamwaga ile asali nyeusi. Haitoki kwa nyuki, ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, inatengenezwa Frigiliana, mkoa wa Málaga. Miwa ililetwa huku na Waarabu enzi za Andalusi, Waislamu walipotawala huku, na ikalimwa mwambao wa Motril karne na karne mpaka 2006 ndo wakavuna ya mwisho. Chumvi na utamu kwa pamoja, na biringanya yenyewe ndani imekuwa kama krimu. Mtu akiniambia hapendi biringanya namuomba ale hii kwanza ndo tuzungumze.

Pweza tulimuacha mwisho. Pweza wa huku ni mapishi ya Galicia, kaskazini magharibi kabisa, lakini yupo nchi nzima na bei yake sio ya mchezo, sahani inaweza kufika euro 20, na wengi wao siku hizi wanatoka Moroko na Mauritania. Wanamchemsha kwenye sufuria kubwa la shaba, ila kabla hawajamuacha humo wanamshika kichwa, wanamchovya kwenye maji yanayochemka na kumtoa mara tatu, wanasema ngozi haitachubuka. Anakatwa kwa mkasi, vipande vya mviringo juu ya sahani ya mbao, chini yake viazi, juu mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe na paprika iliyokaushwa kwa moshi wa mwaloni. Basi. Hana nazi, hana pilipili, hana ndimu. Wifi aliuliza wanampiga saa ngapi, maana kwetu pweza lazima apigwe kwenye jiwe mpaka mkono uchoke, nikamuuliza mzee wa kaunta, akasema zamani walikuwa wanampiga hivyo hivyo, sasa wanamgandisha kwenye friza na barafu inafanya ile kazi. Mimi nasema huyu pweza ni laini kuliko wetu, lakini supu ya pweza ya kwetu hawana mfano wake na sitobadilisha hayo maneno.

Kitu kimoja kinaniuma nikikiona kwenye miji mingine ya Ulaya. Watu wamechukua hizi tapas wamezifanya mgahawa wa kukaa, mishumaa, menyu ndefu, mhudumu anakushauri uagize sahani nne nne kwa kila mtu na zote zinafika kwa mpigo, meza inajaa, kroketa inapoa huku bado unakula zeituni, na bili inakuja unaweza kulia. Mimi nimekula sehemu ya hivyo London, chakula chenyewe hakikuwa kibaya, ila walikuwa wameua kitu kizima. Hata kama mpo kwenye mgahawa wa namna hiyo, Nairobi au Dar au popote, agizeni viwili tu. Mle vikiwa vya moto, muongee, ndo muagize vingine viwili. Mhudumu akisisitiza mwambieni taratibu mtaongeza. Na wekeni sahani katikati kila mtu achovye humo humo, sisi wa kula sinia moja hatuhitaji kufundishwa hilo.

Sevilla mkipita naomba mwende El Rinconcillo, ipo tangu 1670, wanapika spinachi na dengu na bizari nyembamba, chakula cha kawaida kabisa na kitamu vibaya sana, na bili yako mhudumu anaiandika kwa chaki juu ya mbao ya kaunta pale pale mbele yako, ukishalipa anaifuta kwa kiganja. Spinachi yao kwa kawaida haina nyama, ila ulizeni bado.

Bili yetu ya Granada usiku mzima, ukitoa yule pweza, ilikuwa ndogo kuliko chakula cha mchana cha mtu mmoja huko London. Wifi anaondoka wiki ijayo na begi lake lina makopo ya paprika kuliko nguo. Kwa mnaopanga kuja, epukeni Agosti, joto linapita 35 na baa nyingi za wenyeji zinafungwa wakaenda baharini, Mei au Oktoba ndo penyewe. Na mkifika Navas mkakuta imejaa mpaka barabarani msikate tamaa mkaondoka, sogeeni tu, semeni "perdona" mkiingia, watu wanabana wanawapa nafasi.