Kav Moja ya Udongo Ghalani

Shalom, ndugu zangu. Juma hili tunasoma Ekev, fungu la Torati la juma, na ndani yake Musa anawauliza Israeli swali linalosikika jepesi: Mungu wako anataka nini kwako, ila umche? (Kumbukumbu la Torati 10:12). Rabi Hanina alilishika andiko hilo akafundisha kwamba kila kitu kimo mikononi mwa Mbingu, isipokuwa kuicha Mbingu. Mtu kuzaliwa na nguvu au dhaifu, tajiri au maskini, hupangwa juu. Hiki kimoja Mungu anakiomba, kwa kuwa amekiacha kwetu.

Neno la Kiebrania hapo ni yirah. Kiswahili kimetupa maneno mawili, kuogopa na kucha. Kiebrania kimeyatia yote katika chungu kimoja. Ndiyo maana pale Sinai, baada ya Amri Kumi, watu wametetemeka kwa ngurumo na moshi wakarudi nyuma na kusimama mbali, Musa anatamka jambo ambalo kwa Kiebrania linasikika kama kujipinga: msiogope, kwa maana Mungu amekuja ili yirah yake iwe mbele ya nyuso zenu, msije mkatenda dhambi (Kutoka 20). Hofu iliyowasukuma nyuma anaiondoa. Anataka ibaki ile inayoushika mkono wa mtu kabla haujafanya uovu.

Inafanyaje kazi? Talmud, mkusanyiko wa mafundisho ya wahenga wetu, katika kitabu chake cha Shabbat, ukurasa 31a, inaeleza kwa mfano wa ghala. Mhenga Rava anataja maswali sita atakayoulizwa mtu siku ya hukumu. Ulifanya biashara kwa uaminifu? Ulitenga nyakati za kujifunza Torati? Ulijitahidi kupata watoto? Uliutazamia wokovu? Ulijadiliana kwa hekima? Ulijifunza kuelewa jambo moja kutokana na jingine? Mtu anaweza kujibu ndiyo mara sita, na bado, kwa neno la Isaya 33:6, ikiwa kumcha Mungu ndiyo hazina yake, vema. Ikiwa sivyo, hapana. Kisha mfano. Mtu alimwambia mtumishi wake: nipandishie kor moja, kipimo kikubwa, ya ngano darini. Akapandisha. Bwana akamuuliza: umeichanganya na kav moja, kipimo kidogo, ya humton? Hapana. Basi, akasema bwana, ingekuwa heri usingeipandisha kabisa.

Humton, anaeleza Rashi, mfafanuzi mkuu wa Torati na Talmud, ni udongo wa chumvi unaozuia nafaka isiliwe na wadudu. Waliolelewa karibu na ghala la mahindi wataelewa haraka, kwa sababu wazee huchanganya majivu kwa sababu hiyohiyo, fukusi wasiingie. Sasa tupige hesabu. Kor moja ni seah 30, na seah moja ni kav 6, kwa hiyo kor ni kav 180. Kav moja ya udongo kwa kav 180 za ngano! Kumcha Mungu ndiyo huo udongo, na hakuna anayekula udongo. Kinacholiwa ni ngano: biashara safi, masomo, malezi ya watoto. Mtu ambaye dini yake yote ni hofu, hana tendo wala somo, amepandisha gunia la udongo darini.

Lakini angalieni pia wakati. Udongo huchanganywa siku ya kuweka nafaka. Bwana hamwambii mtumishi arudi akaongeze. Ngano ikishakaa mrundo mmoja bila kinga, wadudu wako ndani, na udongo utakaomwagwa juu hautawafikia. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kicho tunakiweka kwenye siku kumi za toba, kuanzia Rosh Hashanah, mwaka mpya, hadi Yom Kippur, siku ya upatanisho, tunakililia machozi ya kweli, halafu mwaka mzima tunapima, tunauza, tunaajiri na kushauri bila chembe yake. Kimekaa mlangoni mwa ghala, hakikuchanganywa.

Kichanganywe na nini, basi? Torati yenyewe inaonyesha. Maneno "nawe umche Mungu wako" yanatokea mara tano katika Mambo ya Walawi, na hakuna hata mara moja yanapohusu madhabahu. Yako 19:14, usimwekee kipofu kwazo, 19:32, simama mbele ya mwenye mvi, 25:17, msidhulumiane, 25:36, usimtoze riba ndugu aliyeanguka, 25:43, usimtawale mtumishi kwa ukali. Rashi, akiwafuata wahenga, anauliza kwa nini kicho kimetajwa hapo, naye anajibu kwamba mambo ya namna hii yamekabidhiwa moyo. Jirani hawezi kuyathibitisha wala hakimu hawezi kuyahukumu.

Kipofu wa 19:14, kwa mfano, ni pia mtu asiyejua jambo fulani anayekuja kuomba ushauri. Usimwambie uza shamba lako ununue punda, huku wewe umeshalinyemelea shamba. Ukiulizwa utasema nilimtakia mema, na nani atakupinga? Mzee anaingia, nawe unafumba macho kama hukumwona. Na ule ukali wa 25:43 Rashi hautafuti kwenye mijeledi. Anasema: usimwambie nipashie moto kikombe hiki, wakati hukihitaji, usimwambie palilia chini ya mzabibu huu mpaka nitakaporudi. Kazi isiyo na haja, ya kumchosha mtu tu. Mwenye nyumba ndiye peke yake anayejua kama kile kikombe kilihitajika. Ningependa kila mmoja wetu mwenye msaidizi wa kazi nyumbani akae na kikombe hicho juma zima.

Rabi Yohanan ben Zakkai alipokuwa anakaribia kufa, wanafunzi wake walimwomba awabariki. Akawaombea kicho cha Mbingu kiwe juu yao sawa na hofu ya mwanadamu. Wakashangaa: hapo tu? Akawajibu kwamba laiti wangefika hapo, maana mtu anapotenda dhambi husema moyoni, mradi asinione mtu (Berakhot 28b). Hiki ni kipimo kinachoweza kutumika leo. Chukua jambo unalolifanya mlango ukiwa umefungwa, ujiulize ungelifanyaje kama jirani angekuwa ameketi sebuleni. Tofauti kati ya majibu mawili ndiyo pengo lako.

Pengo hilo hulijazi kwa kujitisha. Rambam, yaani Maimonides, mwalimu mkuu wa sheria zetu, katika Misingi ya Torati sura ya 2, anaeleza njia: mtu atafakari matendo makuu ya Mungu na viumbe vyake, mara atampenda na kutamani kumjua, na akiendelea kuyawaza mambo hayohayo, mara atashtuka arudi nyuma, akijua kwamba yeye ni kiumbe mdogo mwenye maarifa haba, amesimama mbele ya Mwenye maarifa kamili. Anamtaja Daudi wa Zaburi ya 8 akizitazama mbingu. Upendo umetangulia, na kicho kimetoka ndani yake. Woga wa adhabu Rambam hautupi. Anausema kuwa mlango wa wanaoanza, kama watoto, mpaka maarifa yao yaongezeke. Kosa ni mtu mzima kubaki mlangoni.

Na kwa siku za kawaida, wahenga waliweka mazoezi ya kinywa. Radi ikinguruma, tunabariki kwamba nguvu zake na uwezo wake zimeujaza ulimwengu, ndani ya sekunde chache tu, muda wa kumwamkia mwalimu wako. Ukichelewa, subiri ngurumo nyingine. Tena, Rabi Meir alifundisha kusema baraka 100 kila siku (Menachot 43b), na andiko lake ni lilelile la Ekev: neno mah, "nini", lisome kama meah, "mia". Mungu anataka nini kwako? Mia. Kila baraka ni chembe ya humton, iliyochanganywa na maji unayokunywa, mkate, na kutoka chooni.

Siku ya kazi hesabu hutimia bila shida, kwa sababu Amidah, sala yetu kuu ya kusimama, ina baraka 19, nasi huisali mara tatu: 57 tayari. Shabbat, yaani Sabato, ina Amidah nne, lakini kila moja ina baraka 7, jumla 28. Pengo la 29 hilo. Kidush, baraka ya divai, na mlo wa tatu wa Shabbat hupunguza kiasi, na kwa kilichobaki Talmud inamtaja Rav Hiyya mwana wa Rav Avya, aliyejaza kwa manukato na vitu vitamu.

Tufuate njia yake, ila kwa utaratibu. Embe na chungwa kwa pamoja ni baraka moja, ya tunda la mti. Ndizi huhesabiwa tunda la ardhi, nayo ina baraka yake. Tende, ikiliwa kiasi cha kutosha nje ya mlo wa mkate, ina baraka yake maalumu baada ya kula. Asumini hubarikiwa kama miti yenye harufu nzuri na rehani kama majani, hivyo ni baraka mbili. Usigawanye kitu kimoja ili uongeze idadi: baraka isiyo na haja ni kulitaja Jina bure, na hapo umepoteza kicho ulichokuwa unakitafuta. Weka sahani ya matunda na vikonyo vya maua mezani Ijumaa mchana, na asumini ichumwe kabla jua halijazama, kwa maana ndani ya Shabbat hatuchumi.