Alama za Mgomba

Mwaka 2011 nilikuwa nikisomesha darasa la maandalizi katika skuli moja nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba, na rangi tulizokuwa tukizisubiri tangu kufunguliwa skuli zilikuwa bado hazijafika. Bibi aliyekuwa akiwapikia watoto uji aliniona nikihangaika, akaniambia, "Mwanangu, rangi za nini tena, na jikoni zimejaa tele?"

Siku ya pili yake alikuja na manjano yaliyotwangwa, punje za zingifuri alizozisugua kwa mafuta kidogo ya nazi mpaka zikatoa wekundu mzito, na masizi ya sufuria aliyoyakoroga kwa uji mwepesi. Tulizitia rangi hizo katika vifuu, tukatandika jamvi chini ya mwembe, na juu yake kitambaa cheupe cha marikani.

Tulianza kuchapa kwa majani ya mpera. Watoto waliyapaka rangi upande wa juu, ulio laini, wakapata madoa matupu. Nilipowageuzia upande wa chini, ambako mishipa imetokeza, jani zima lilijichora kitambaani na furaha yao ikawa haina kifani. Bamia zilizokatwa kwa upana ziliacha nyota.

Mtoto mmoja wa miaka 5, ambaye sauti yake nilikuwa naisikia kwa nadra sana, alichagua kipande cha kikonyo cha jani la mgomba, chenye umbo la hilali na vyumba vidogo vidogo ndani yake kama sega la nyuki. Alikibonyeza pembeni mwa kitambaa bila ya kukichovya popote, akakiinua, akakibonyeza tena pembeni mwa alama ya kwanza, taratibu, mpaka mara ya 7. Mimi niliona majimaji tu. "Chovya rangi kwanza, baba," nikamwambia, na nilipomsogezea kifuu alikiweka kipande chake chini, akaondoka. Najilaumu hadi leo kwa kumkatiza.

Kitambaa tulikitundika ukutani mkabala na dirisha. Manjano hayastahimili jua, na baada ya wiki chache nyota na majani ya njano yalikuwa yamepauka hata hayatambulikani, ilhali pembeni, mahali nilipodhani pameingia uchafu, zilikuwa zimesimama hilali 7 za hudhurungi iliyokoza, na vyumba vyake vikihesabika kimoja kimoja. Utomvu wa mgomba hutoka mweupe kama maji, kisha hugeuka rangi ukipigwa na hewa, na ukishashika pamba hautoki kwa sabuni. Jambo hilo nililijua tangu utotoni, kwani nani kwetu hajagombezwa kwa kuchafua nguo kwa utomvu wa ndizi, lakini siku ile halikunijia kabisa.

Nilimwita nikamwonesha. Alizigusa kwa kidole, moja baada ya moja.

"Nguo ya babu ya shamba ina hizi," akasema.

Tulipochapa tena, yeye ndiye aliyetuchagulia vikonyo.