Nilivyoacha kung'oa visiki, maji yakaanza kuingia shambani

Shamba langu liko Nzega, Tabora. Huku mvua huanza Novemba na kukatika Aprili, lakini mimi kilichokuwa kikiniumiza ni kuiona ikinyesha halafu ikaondoka. Ardhi iliyokanyagwa na ng'ombe kiangazi chote inaganda juu, maji mekundu yanakimbilia korongoni, na kesho yake ukipiga jembe unakuta vumbi.

Siku moja, nikichimba kisiki cha mti wa mtundu, nilikuta mizizi iliyooza imeacha matundu marefu kuliko mkono wangu. Mchwa walikuwa wameyapanua. Udongo wa mle ulikuwa mbichi, na hatua tatu pembeni ulikuwa mkavu. Nikaweka sururu chini.

Nilichukua kopo, nikatoa kitako, nikalididimiza kidogo ardhini na kumimina lita moja ya maji. Karibu na kisiki yaliisha kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu. Katikati ya shamba nilisubiri hadi nikachoka.

Baba mdogo hakufurahi. "Mwanangu, shamba lenye visiki ni la mvivu," aliniambia. Ndivyo tulivyolelewa sote. Lakini kisiki cha mtundu au mninga bado kina mizizi mirefu iliyo hai, na kikiachwa kinachipua chenyewe. Wenzetu wa Dodoma huita njia hii kisiki hai. Kila kisiki nilikiachia machipukizi matatu yaliyonyooka, nikapogoa matawi ya chini, na majani nikayatandaza pale pale yafunike udongo. Mifugo niliizuia kiangazi, kama tunavyofanya kwenye ngitili, yaani malisho tunayoyatenga yapumzike.

Mwaka wa pili nilikosea: niliacha visiki vingi mno, mahindi yakadhoofika kivulini. Na mti nao unakunywa. Utafiti wa Burkina Faso uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa maji mengi zaidi hufika chini kabisa pale miti inapokuwa ya wastani, si pale isipokuwepo wala inaposongamana. Nikapunguza.

Sasa mvua kubwa ikipiga, upande wa juu hautoi tena mkondo, na mahindi yanavumilia wiki mbili za jua la Februari bila kujikunja mchana kutwa. Upande wa chini, nilikong'oa kila kitu ujanani, hakuna cha kuchipua. Huko inabidi nipande mbegu za miti, na bado maji yanapita juu.