Treni hadi Malya, pedeli hadi Mwanza: ninavyofika kwenye njia za baiskeli bila gari

Sina gari, na kwa mipango yangu ilivyo sasa sidhani kama nitalinunua karibuni, ila mauntenibaiki, baiskeli ya milimani yenye matairi mapana, ninayo na naipenda sana. Watu wakisikia unaendesha kwenye njia za vumbi na miamba huko nje ya mji wanadhani lazima uwe na pikapu ya kuibebea baiskeli, la sivyo utaishia kuzunguka Kapri Point na barabara ya Airport. Mi nasema hapana, tena kwa Mwanza hii naona mwenye gari ndiye anayekosa, kwa sababu ukienda na gari lazima urudi pale ulipoliacha, kwa hiyo unabaki kuzunguka eneo lilelile, lakini mimi nikishushwa na treni au kivuko sijaacha kitu nyuma, naanzia huku namalizia kule, na njia yote niliyopita ni mpya mwanzo mwisho.

Nilianza na Kamanga na ndiko ninakompeleka kila anayetaka kujaribu, maana ni rahisi. Unapanda kivuko palepale mjini, upande wa lile Jiwe la Bismarck, unalipia wewe na baiskeli yako, unavuka ghuba unashukia upande wa Sengerema, hapo unashika njia za vijijini, mihogo na migomba huku na huku, unaenda ukipanda na kushuka mpaka Sengerema mjini. Zamani kurudi ndiko kulikuwa kazi, unafika Busisi unasubiri kivuko cha Kigongo na foleni yake, ila tangu Juni 2025 daraja la J.P. Magufuli limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, unavuka kwa pedeli zako mwenyewe unatokea Usagara na kutoka hapo ni lami mpaka nyumbani. Nenda mapema tu, mchana upepo wa ziwa pale juu unakusukuma ubavuni, ushike usukani kwa mikono miwili.

Sasa tuje kwenye treni, maana ndiyo niliyotaka hasa kuielezea.

Reli yetu ya Tabora hadi Mwanza ilifika huku 1928, kilomita 379, na inapita katikati ya Usukuma, Fela, Mantare, Bukwimba, Malya, Malampaka na kuendelea mpaka Shinyanga. Ukiangalia ramani utaona reli na barabara kuu ya lami haziendi pamoja, reli inakata kwenye vijiji ambako huwezi kufika kwa basi moja, na huko ndiko njia zilipo. Mi huwa nashukia Malya, pale penye Chuo cha Maendeleo ya Michezo, nalala gesti, alfajiri naanza kurudi Mwanza kwa baiskeli nikifuata vijiji.

Treni ya abiria haitoki kila siku na saa zake hubadilika, kwa hiyo usitegemee ulichosikia mwaka jana, pita stesheni siku kadhaa kabla uulize mwenyewe, na swali la kwanza lisiwe tiketi, liwe baiskeli. Kwangu inakwenda kama mzigo kwenye behewa la mizigo. Unaipeleka mapema, inapimwa kwenye mizani, unalipia, unapewa risiti na baiskeli inafungwa karatasi yenye jina lako na stesheni unayoshukia. Mi huwa nafanya hivi kabla sijaikabidhi: nageuza usukani ulale sambamba na fremu, natoa pedeli (ya kushoto inafunguka kinyume, kumbuka, ukilazimisha utaharibu nyuzi), naweka kipande cha boksi kufunika deralia, ile ya kuhamisha cheni kwenye gia, maana ndiyo inayopinda mzigo mwingine ukiegemea, na pampu, taa na kila kinachochomoka naingia nacho kwenye begi. Kiti nakishusha mpaka chini. Tairi siziondoi upepo, hakuna haja.

Afu kuna jambo moja ambalo usipolifanya utaona baiskeli yako ikiendelea na safari bila wewe. Stesheni ndogo treni inasimama kidogo tu, na mizigo ya magunia ndiyo inayopewa nafasi, kwa hiyo mi nikishapanda namtafuta gadi, namsalimia vizuri, namwambia nina baiskeli nashukia Malya, na nikikaribia nasogea kabisa kwenye behewa la jirani na mizigo nikiwa na risiti mkononi. Wafanyakazi wa treni niliokutana nao wamenisaidia sana kwa hili, wengine wananiambia kabisa baiskeli isukumwe karibu na mlango ili isiwe chini ya viroba vya mchele. Ukiongea na watu vizuri mambo yanakwenda.

Asubuhi Malya kuna baridi ambayo huku ziwani hatuijui, jua linatoka wakati unafunga pedeli zako, na hapo ndipo inabidi uanze kusoma ardhi. Wasukuma wana majina ya udongo na ukiyajua utaendesha kwa raha, mi nilifundishwa na mama mkubwa wangu aliyelima pamba maisha yake yote. Juu kwenye vilima ni mawe. Chini yake kidogo ni luseni, mchanga, mzuri kwa mihogo na karanga lakini kwa baiskeli unazama, hapo punguza upepo kwenye tairi na usikate kona kwa nguvu. Ukishuka tena unakutana na itogolo, udongo mgumu wa kijivu, kiangazi unakuwa kama sakafu, hapo ndipo pedeli zinakimbia mpaka unasikia upepo masikioni. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi wenye majaruba ya mpunga, ukikauka una nyufa za kumeza tairi na ukilowa ndiyo usiseme, unanata mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Ndiyo maana safari hii mi naifanya Juni mpaka Septemba tu. Vuli na masika nabaki mjini kwenye miamba.

Kitu kingine ni kujua njia ni ya nani. Kuna mahali baada ya Bukwimba njia ilinipendeza, pana, laini, imeshindiliwa vizuri, nikasimama kumuuliza mzee mmoja aliyekuwa anachunga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana, mwangaluka. Unatoka wapi na baiskeli hiyo ya matairi makubwa?"

"Natoka Malya mzee, naelekea Mwanza. Hii njia inafika Mantare?"

"Hiyo? Hiyo ya ng'ombe, itakupeleka lamboni ukanywe nao maji. Wewe shika ile nyembamba pale kwenye mgunga, ile ya watoto wa shule, hiyo inakwenda kwa watu."

Tangu siku hiyo ndiyo naisoma kila njia hivyo. Njia za ng'ombe zinaungana zikishuka, zinazidi kuwa pana kadiri zinavyokaribia maji, na mwisho wake ni mbugani. Ya watu ni nyembamba, haijali mteremko, inakata moja kwa moja kutoka shule hadi kanisa hadi sokoni, na ukiona alama za tairi za baiskeli za kubebea mkaa basi hiyo inatokea barabarani. Na ukiona eneo la nyasi ndefu ambalo mifugo haijaligusa wakati kila kitu kingine kimeliwa, hiyo ni ngitili, malisho ya akiba ya kiangazi, usipite katikati hata kama inaonekana njia ya mkato, zunguka. Watu wa kule wanailinda na wana haki.

Mbigili sasa. Hizi ndizo adui wa kweli, si mawe. Ni kale kambegu kenye pembe, kadogo kuliko punje ya mahindi, kanakaa kwenye vumbi pembeni mwa njia hasa karibu na maboma na minadani, na popote kanapoangukia pembe moja lazima itazame juu. Unasikia tu tsss. Ukipata pancha usikimbilie kubadilisha tyubu, geuza baiskeli miguu juu, zungusha gurudumu polepole ukiangalia tairi kwa nje, toa kila pembe unayoiona kwa koleo ndogo, afu ukishatoa tyubu pitisha kitambaa ndani ya tairi pande zote, si kidole, kitambaa kitanasa kwenye ncha iliyobaki ndani. Usipofanya hivyo tyubu mpya haimalizi kijiji. Mi nabeba tyubu mbili, gundi, viraka na pampu, lakini pia karibu kila senta kuna fundi baiskeli chini ya mti na beseni lake la maji, mpe kazi, anajua kuliko mimi na anakuonyesha na njia.

Ukiipita Mantare unaanza kuona mawe yanarudi, kwanza moja moja shambani, baadaye marundo, mpaka Fela unakuwa tayari kwenye nchi ya miamba. Kuna na tuta la reli mpya ya SGR ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ujenzi wake ulianza 2021, baadhi ya njia za zamani zimekatwa hapo inabidi uulize wapi pa kuvukia. Natamani sana ikianza kazi mabehewa yawe na pahali pa kutundika baiskeli, hata tano tu, maana mtu angeweza kwenda asubuhi na kurudi jioni.

Haya mawe ni granaiti ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, na yakiwa makavu hayana mfano, uso wake unakwaruza kama msasa, tairi inashika mpaka kwenye mteremko ambao kwa macho ungesema hapana. Simama kwa pedeli, sogeza uzito nyuma, vidole viwili kwenye breki basi, liache jiwe likupeleke. Pembeni mijusi yenye vichwa vyekundu na miili ya bluu inakuangalia, pimbi wanakimbilia nyufani. Ila mvua ikinyesha, hata ya dakika kumi, shuka utembee, zile kuvu za kijivu juu ya jiwe zikilowa zinateleza kama sabuni na chini ni jiwe tupu.

Kwa aliye na siku mbili kuna na Ukerewe, ambayo nayo ni ya kwenda tu bila kurudi ulikotoka. Meli kutoka Mwanza mpaka Nansio ni kama saa tatu, baiskeli inakaa sitaha ya chini, ifunge wewe mwenyewe kwa kamba ya mpira, usimwachie mtu. Ukishuka unakatiza kisiwa kwa njia za mihogo na michungwa, unapita Handebezyo kwenye mapango, afu unashuka Rugezi, unavuka kwa kivuko mpaka Kisorya na hapo uko bara, njia ya Bunda. Joto la mchana litakutamanisha kuoga ziwani, usiingie kwenye matete na maji yaliyotulia, kichocho kipo kweli. Kutoka Kisorya mi huwa sina miguu tena, napanda basi, baiskeli inakwenda juu kwenye kerieri au kwenye buti. Bei ya baiskeli elewana na konda kabla haijanyanyuliwa kutoka chini, na ikienda juu panda mwenyewe uilaze upande usio na cheni.